Sura ya Tano: Jumapili Hadi Alhamisi

Usiku wa Jumatatu, mzee Capulet anamuuliza mgeni wake leo ni siku gani. Saa zimekwenda sana na nyumba ina msiba: Tybalt, mtoto wa shemeji yake, ameuawa barabarani mchana wa siku hiyohiyo. Mgeni ni Paris, kijana wa ukoo mkubwa na jamaa wa mtawala wa Verona, aliyekuja kufuatilia posa yake. Mwenyewe ameona kuwa huu si wakati wa maneno ya harusi. Ameshaaga na anaondoka. Mzee anamwita arudi. Anamwahidi binti yake palepale, bila kushauriana na mtu, kisha ndipo anapouliza siku. Anaambiwa ni Jumatatu. Basi Jumatano itakuwa mapema mno, anajisemea; na iwe Alhamisi. Anamuuliza Paris kama atakuwa tayari na kama haraka hiyo inampendeza. Paris anajibu kuwa laiti Alhamisi ingekuwa kesho.

Onyesho hilo halifiki mistari 40. Juliet yuko chumbani kwake, na hakuna aliyetumwa kwenda kumuuliza. Pengine ni heri, maana mtu angekwenda huko usiku ule angemkuta na mume: Romeo, yuleyule aliyemuua Tybalt, ambaye mchana walifungishwa ndoa ya siri.

Romeo na Juliet, tamthilia ambayo William Shakespeare aliiandika karibu na mwaka 1595, imetumika kwa vizazi na vizazi kuwatisha vijana. Mtu akitaka kukanya mapenzi ya kukurupuka, huitaja hiyo. Ushahidi upo, tena mwingi: msichana wa miaka 13, na mvulana ambaye Jumapili asubuhi anamlilia Rosaline, usiku ameshamsahau, na kesho yake mchana amefunga ndoa na mwingine. Sibishi kwamba hawa wawili wana papara. Ninalobisha ni kwamba papara ni yao peke yao. Ukiifuata tamthilia hii siku kwa siku na saa kwa saa, utaona jinsi watu wazima wanavyoisukuma saa mbele kila inapotaka kutulia, na kwamba uamuzi uliowaua watoto hawa ulipitishwa na mzee mwenye furaha, usiku, kati ya chumba cha kulia na jikoni.

Hadithi yenyewe Shakespeare hakuibuni. Aliitoa zaidi katika shairi refu la Arthur Brooke lililochapishwa London mwaka 1562. Kwa Brooke mambo yanakwenda kwa miezi. Karamu ni ya majira ya Krismasi. Wapenzi wanafunga ndoa ya siri, wanaonana usiku kwa mwezi mmoja au miwili, na ugomvi wa damu unazuka Pasaka. Shakespeare akaichukua miezi hiyo akaikamua ikawa siku. Jumapili asubuhi watumishi wa koo mbili hasimu, ule wa Romeo na ule wa Juliet, wanapigana mitaani, usiku ni karamu, Jumatatu ni ndoa, mauaji na hukumu ya kufukuzwa mjini, Jumanne ni dawa, Jumatano ni mazishi, na Alhamisi alfajiri kuna maiti tatu mbichi kaburini. Kati ya ndoa na upanga amebakiza saa moja tu. Romeo mwenyewe anasema hivyo, kwamba Tybalt amekuwa jamaa yake kwa saa moja.

Umri nao kaupunguza. Juliet wa Brooke anakaribia miaka 16; huyu wa Shakespeare atafikisha 14 mwishoni mwa Julai, wiki mbili na siku kadhaa baadaye. Sheria ya Uingereza ya wakati huo ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 12, lakini wanawake wengi wa nchi hiyo waliolewa wakiwa wamepita 20, katikati ya miaka ya ishirini. Kwa hiyo hata mtazamaji wa 1595 alikuwa na sababu ya kujiuliza, mbona mapema hivi?

Mtunzi huyu hakuwa mgeni wa harusi za haraka. Yeye alioa Novemba 1582 akiwa na miaka 18. Bibi harusi, Anne Hathaway, alikuwa na 26 na tayari mjamzito. Badala ya ndoa kutangazwa kanisani mara tatu kama ilivyokuwa desturi, iliruhusiwa itangazwe mara moja tu, na wadhamini wakaweka sahihi dhamana ya pauni 40. Mtoto wao wa kwanza, Susanna, alibatizwa tarehe 26 Mei 1583. Sitaki kumsoma Romeo kama wasifu wa Shakespeare, huo ni mchezo usio na mwisho. Nasema tu kwamba alijua inakuwaje pale familia inapohesabu siku kwa vidole.

Tuje Jumatatu mchana, jua kali, barabarani. Watu husema Romeo alimuua Tybalt kwa hamaki, na ni kweli, lakini hamaki hiyo ilikuja mwisho. Kwanza alitukanwa na hakujibu. Tybalt alikuwa akimtafuta tangu usiku wa karamu, alipomtambua kwa sauti akataka kumrukia, mzee Capulet akamzuia kwa ukali kwa kuwa hataki fujo mbele ya wageni. Hasira iliyozuiwa vile haikufa. Tybalt alilala nayo, akaamka nayo. Sasa Tybalt anamwita Romeo mwovu mbele za watu, na Romeo, aliyetoka kanisani saa hiyohiyo, anamjibu kwa upole asioweza kuueleza. Anayelipuka ni Mercutio, asiye wa ukoo huu wala ule. Anaona rafiki yake anadhalilika, anachomoa upanga. Romeo anajitia katikati kuwaamua. Tybalt anapitisha upanga chini ya mkono wa Romeo na kumchoma Mercutio.

Hapo ndipo penye uchungu. Kitendo cha Romeo cha kukurupuka kilichomponza zaidi siku ile ni cha wema. Aliingia kati kuokoa, bila kutazama mapanga yamekaaje, na mkono wake ndio uliomficha Mercutio asilione pigo. Hasira iliyofuata ilikuwa na kazi ya kuifunika aibu hiyo.

Kuna utafiti wa wanasaikolojia wawili wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, uliotoka mwaka 2005. Waliwapa watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, wengine wakiwa peke yao, wengine wakitazamwa na wenzao. Vijana walijihatarisha zaidi sana walipotazamwa. Watu wazima, wenzao wawepo wasiwepo, tofauti ilikuwa ndogo. Mercutio na Tybalt wangefaa kuwa mfano wa utafiti huo, maana hakuna hata mmoja wao anayefanya jambo bila hadhira. Lakini hata London ya watu wazima haikuwa na utulivu wa kujivunia. Mwaka 1589 mshairi Thomas Watson alimuua mtu katika ugomvi wa mtaani ulioanza na Christopher Marlowe. Mwaka 1598 mtunzi Ben Jonson alimuua mwigizaji Gabriel Spencer katika pambano la panga, akaponea chupuchupu kitanzi kwa kuwa alijua kusoma Kilatini. Na mwaka 1595, karibu kabisa na tamthilia yetu, Mwitaliano Vincentio Saviolo alichapisha London kitabu cha kufundisha mapigano na adabu za kudai heshima. Waliokuja kumtazama Tybalt jukwaani hawakuwa na haja ya kuelezwa yeye ni nani.

Baada ya damu, mtawala Escalus anahukumu papo hapo, barabarani, akimsikiliza shahidi mmoja. Hukumu si mbaya: badala ya kifo, Romeo afukuzwe mjini. Imetolewa tu kwa mwendo uleule wa kila mtu.

Pupa ya mtu mmoja katika tamthilia hii hula muda wa mwenzake. Tybalt hakumpa Romeo nafasi ya kueleza. Romeo hakumpa mtawala nafasi ya kumhukumu Tybalt, ambaye kisheria alikuwa ameshajihukumu mwenyewe. Mzee Capulet hakumpa binti nafasi ya kuomboleza wala kukiri. Anayekuja nyuma anakuta muda umeliwa, naye hana budi kuamua kwa kipande kilichobaki, na akiamua anamega tena. Kufika Jumatano usiku wanaobaki kuamua ni watoto wawili wasio na hata saa moja.

Msichana mwenyewe, tofauti na sifa aliyopewa, ndiye anayefikiri kuliko wote. Kwenye roshani ni yeye anayesema kuwa kiapo hiki ni cha ghafla mno, kinamtia hofu. Ni kweli kwamba dakika chache baadaye yeye huyohuyo anamwambia Romeo, kama nia yako ni ndoa, niletee habari kesho. Na kesho yake saa tatu asubuhi anamtuma yaya, anaahidiwa nusu saa, yaya anarudi saa sita mchana, amechoka, analalamikia mgongo, anauliza chakula, na msichana karibu apasuke. Watazamaji hucheka hapo, na wana haki. Ila angalia anavyokuwa Jumanne usiku, kichupa cha dawa ya kumlaza kama maiti kiko mkononi. Anaorodhesha moja moja: kama dawa isipofanya kazi? Kama padri aliyewaoza kwa siri amempa sumu ili ndoa hiyo isimletee fedheha? Kama akizinduka kabla ya Romeo kufika, akose hewa mle kaburini, au arukwe na akili kati ya mifupa ya mababu? Hakuna mtu mwingine katika tamthilia nzima anayekaa chini kuuliza "na kama". Anauliza yote, anapata kwamba hana njia nyingine, anakunywa.

Na kwa nini anakunywa Jumanne? Hapa turudi kwa baba.

Jumapili, Paris alipomposa Juliet kwa mara ya kwanza, Capulet alijibu kama mzazi wa kuigwa. Binti bado mdogo, ngoja miaka miwili. Zungumza naye, upate moyo wake, ridhaa yangu mimi ni sehemu tu. Siku moja na nusu baadaye ameshamtoa. Maelezo anayopewa padri ni kwamba Juliet anamlilia Tybalt kupita kiasi, na baba kwa busara yake ameona harusi itamkausha machozi. Nawajua wazazi wa namna hii, na nadhani msomaji anawajua: hawavumilii kuona mtoto analia, basi hufanya jambo lolote, mradi kilio kikome. Jumanne asubuhi Juliet anapokataa, upendo huo unageuka moto. Atamburuta kanisani. Mikono inamwasha. Asipokubali akaombe mitaani, akafe na njaa, hana mtoto. Mama anageuka anakwenda zake; yaya, aliyemnyonyesha, anamshauri aolewe tu na Paris. Watu wazima watatu wa nyumba moja, chini ya nusu saa, wamemwacha.

Ndipo anapokwenda kwa Padri Laurence, mtawa wa Kifransisko aliyewaoza. Padri ana dawa ya kumlaza mtu kama maiti kwa saa 42. Mpango wake una tarehe: Juliet anywe Jumatano usiku, akutwe amekufa Alhamisi asubuhi, siku ya harusi, na wakati huo barua iwe imeshafika Mantua, alikokwenda Romeo baada ya kufukuzwa, kumwita arudi. Juliet anarudi nyumbani, anapiga magoti, anaomba radhi, anasema atamtii baba. Mzee anafurahi kupita kiasi. Anatangaza kwamba harusi ni kesho, Jumatano.

Mkewe anamwambia hapana, ngoja Alhamisi, muda upo; tena vyakula havitatosha. Jibu lake ni la kuchekesha na la kutisha. Akina mama mkalale, anasema, mimi usiku huu sitalala, mimi ndiye nitakayekuwa mama mwenye nyumba. Na kweli halali. Saa tisa za usiku yuko jikoni, anawahimiza watu, anauliza nyama za kuokwa, anasema gharama zisiangaliwe, anatuma kuni kavu. Wapishi wanaitisha tende na matunda. Yaya anamfukuza akalale, atakuja kuumwa kesho kwa kukesha. Anajibu kuwa alishakesha kwa mambo madogo kuliko haya na hakuumwa. Ghorofani binti yake amelala na kichupa kitupu.

Nimeipenda sehemu hii kuliko roshani. Hakuna chuki ndani yake, hakuna upanga. Ni baba amefurahi. Lakini kwa furaha hiyo ameondoa siku moja nzima kwenye mpango usioweza kupoteza hata asubuhi moja, na hajui kwamba mpango upo.

Barua kwa Romeo alipewa mtawa mwenzake, John. Huyu alikwenda kumchukua mtawa mwingine wafuatane safari, wakakutwa katika nyumba iliyoshukiwa kuwa na tauni, wakaguzi wa mji wakaifunga milango wao wakiwa ndani. Hata mtu wa kuirudisha barua hakupatikana, kila mmoja aliogopa kuambukizwa. Sisi tunaweza kuliona hilo kama bahati mbaya iliyobuniwa na mtunzi. Watu wa London walikuwa wametoka kwenye tauni hivi karibuni. Kati ya 1592 na 1594 majumba ya maonyesho yalikuwa yamefungwa kwa sehemu kubwa, na nyumba zenye wagonjwa zilifungwa na watu wake humohumo. Kwao mtawa aliyefungiwa hakuhitaji maelezo.

Wapo wanaosema basi, iliyowaua ni tauni. Sikubaliani. Tauni ilichelewesha barua. Pasingekuwa na siku iliyoondolewa, padri angekuwa na mchana mzima wa kugundua kwamba haikufika. Hesabu ya Shakespeare, hata hivyo, haikai sawa. Saa 42 tangu Jumanne usiku zinaishia Alhamisi jioni, na Juliet anazinduka kabla ya Alhamisi kupambazuka. Nina shaka mtunzi naye aliambukizwa haraka ya wahusika wake.

Nisieleweke kwamba muda ungeponya kila kitu. Katika Juliasi Kaizari, tamthilia nyingine ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri, Brutus ana muda wa kutosha wa kuamua kama amuue Kaizari, anakesha nao, anaupima moyo wake usiku baada ya usiku, na bado anaamua vibaya. Mtu anaweza kukosea taratibu. Tofauti ni kwamba Brutus alipewa nafasi ya kukosea kwa akili yake mwenyewe.

Huko Mantua, Balthasar, mtumishi wa Romeo, anafika na habari ya kifo. Romeo anauliza kama kuna barua ya padri. Hakuna. Anauliza tena. Hakuna. Hapo ndipo mwenye subira angesimama: padri aliyeahidi kuleta habari kila mara, mbona kanyamaza? Balthasar anamsihi atulie, uso wake umepauka na macho yake hayana utulivu. Romeo anaagiza farasi wa kukodi, ananunua sumu kwa dukati 40 kutoka kwa muuza dawa ambaye umaskini umemfikisha pa kuvunja sheria, na kuelekea Verona. Akifika Verona hapiti kwa padri. Angepita, yote yangekuwa hadithi nyingine. Anakwenda moja kwa moja makaburini, anamkuta Paris na maua, wanapigana gizani, Paris anakufa.

Kisha anamtazama mkewe, na anayoyaona anayasema kwa kinywa chake. Kifo hakijaugusa uzuri wake. Midomo bado myekundu, mashavu bado yana rangi. Anayataja hayo kama maajabu, anashangaa mauti yalivyoshindwa kumfifisha. Dalili zote za mtu aliye hai ziko mbele ya macho yake, kazihesabu kwa sauti, na hakuna hata moja iliyomfanya amguse shingo au kungoja. Anakunywa.

Padri Laurence anafika akiwa amechelewa. Jumatatu asubuhi, Romeo alipomhimiza awaoze upesi, yeye ndiye aliyemwonya kwamba wakimbiao hujikwaa, kisha akawaoza siku hiyohiyo kwa kuwa aliiona nafasi ya kuzipatanisha koo mbili kwa pigo moja. Sasa anakuja mbio gizani na kulalamika jinsi miguu yake ya uzee inavyojikwaa makaburini. Anauliza Romeo amekuwa mle kwa muda gani. Nusu saa kamili, anajibiwa. Juliet anazinduka. Padri anamwambia watoke, kuna kelele za walinzi, atampeleka kwa watawa wa kike, Juliet hataki, na padri, aliyekuwa na jibu la kila kitu tangu Jumatatu, anakimbia. Akiwa amebaki peke yake na kelele zinakaribia, Juliet anasema basi ataharakisha. Jambia la Romeo liko karibu.

Watunzi wengine walishindwa kuivumilia nusu saa hiyo. Katika hadithi za Waitaliano Luigi da Porto na Matteo Bandello, zilizotangulia zote, Juliet anaamka Romeo akiwa bado anapumua, wanazungumza. Mfaransa Pierre Boaistuau, alipoifasiri hadithi ya Bandello mwaka 1559, akawaondolea mazungumzo hayo. Brooke akamfuata Boaistuau, Shakespeare akamfuata Brooke. Waingereza wa baadaye wakayarudisha. Mmoja, James Howard, aliandika tamthilia ambamo wapenzi wanapona kabisa, na inasemekana ilichezwa kwa zamu: leo wanakufa, kesho wanaishi. Mwaka 1679 Thomas Otway, katika tamthilia aliyoihamishia Roma ya kale, alimwamsha msichana kabla sumu haijamaliza kazi. David Garrick akaendeleza hilo mwaka 1748, akawatungia wapenzi mazungumzo yao kaburini, Romeo akiwa ameshakunywa na Juliet ameshaamka, na kwa karibu miaka 100 hivyo ndivyo watu wa London walivyoijua Romeo na Juliet. Mwaka 1845 mwigizaji wa Kimarekani Charlotte Cushman, aliyecheza Romeo mwenyewe huku mdogo wake Susan akiwa Juliet, alikataa maandishi ya Garrick na kurudi kwa yale ya Shakespeare, na zile dakika za mazungumzo zikakatwa.